Rubani anaogopa nini: makopo ya gesi KIA na mizani ya Kisongo

Swali: Shikamoo Kapteni. Mimi ni kiongozi wa wageni mlimani, naishi Moshi. Tumeshuka Kilimanjaro na wageni sita, tukaenda KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, kupanda ndege ya Dar. Begi letu la vifaa likafunguliwa: wakachukua makopo matatu ya gesi na mtungi wa oksijeni, nikaitwa nirudi kaunta nikatoe pawabenki. Siku chache baadaye nikapanda kindege pale Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, kwenda Serengeti. Hakuna aliyeshughulika na fimbo zetu za mlimani, ila walitupima uzito mmoja mmoja kama magunia ya kahawa, na mgeni mmoja akaketishwa kando kabisa ya rubani, mlango hakuna. Sasa huu ni usalama au ni mazoea tu? Nyie mnaokaa mbele mnaogopa nini hasa?

Jibu: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo likijibika mengine yanafunguka yenyewe.

Dereva wa Noah akisikia harufu ya kuungua kati ya Boma Ng'ombe na Usa River, anaingia pembeni, anateremsha abiria, anafungua buti, anaangalia. Rubani hana pembeni. Sehemu ya mizigo ya ndege kubwa haifikiki mkiwa hewani; anachopata rubani ni taa nyekundu na kengele ya kumwambia kwamba huko chini kuna moshi. Unatoka kwenye nini, hajui. KIA hadi Dar ni kama kilomita 450 kwa njia ya anga. Kengele ikilia katikati ya safari, hata ukigeuza pua papo hapo kuelekea uwanja wa karibu wenye njia ndefu ya kutosha, zitapita dakika 20 na ushee kabla magurudumu hayajagusa lami. Tena ukiwa upande wetu huu wa kaskazini hushuki tu popote unapotaka: kilele cha Kibo kiko futi 19,341, na cha Meru kinakaribia futi 15,000.

Weka hesabu hiyo kando ya hii. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena iliyojaa betri za lithiamu. Tangu kengele ya moto ilipolia hadi ndege kuanguka haikufika nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo marubani hawakuweza kuviona vyombo vyao wenyewe kwa moshi. Wote wawili walifariki.

Basi hicho ndicho tunachokiogopa: kitu tusichokijua, kikiwa mahali tusipofika. Mwenye kisu naye yumo kwenye orodha, nitamfikia, lakini hayuko juu.

Pawabenki ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu sheria yake inaonekana imekaa kinyume. Kitu cha hatari kinatolewa huko chini, kinaletwa karibu na watu! Sababu iko kwenye namna betri ya lithiamu inavyoungua. Seli moja ikiharibika ndani inajipasha joto yenyewe, inatoa gesi zinazoshika moto, joto lake linaiamsha seli ya jirani, na hiyo jirani inaiamsha ya tatu. Sehemu ya mizigo ina mitungi ya haloni, gesi inayoua mwali vizuri sana, ila haipoozi. Mwali unakufa, joto linabaki, seli zinaendelea kuwashana. Kinachopooza ni maji, na maji yako kabini, pamoja na mtu wa kuyamwaga. Wahudumu wa ndege hufundishwa hivi: kizimamoto kwanza ili kuua mwali, halafu maji, soda, juisi, chochote kisicho na kilevi, uendelee kumwaga mpaka kitu kipoe, na usikisogeze. Barafu hapana. Barafu inakifunika na kukihifadhia joto ndani.

Hesabu ya ukubwa jifunze kuifanya kwa kichwa, maana wageni watakuuliza wewe kabla ya kumuuliza mtu wa kaunta. Chukua namba ya mAh iliyoandikwa mgongoni, igawe kwa 1,000, uzidishe kwa 3.7. Jibu ni wati-saa. Ya 10,000 ni wati-saa 37. Ya 20,000 ni 74. Ya 27,000 inagusa 100 bila kuvuka. Hadi 100 inapita bila kuomba. Zaidi ya 100 hadi 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na hazizidi mbili kwa mtu. Ikivuka 160 haipandi kama mzigo wa abiria kabisa. Isiyo na maandishi, au iliyofutika maandishi, mkaguzi ana haki ya kuikataa, maana hana cha kuhesabia. Hiyo ni sheria ya msingi. Mashirika mengine yameibana zaidi. Emirates, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu moja tu kwa abiria, tena haitumiki ndani ya ndege. Wageni wako wengi wanaunganisha safari, kwa hiyo sheria ya kuangalia ni ya shirika kali kuliko yote kwenye tiketi, hata kama la kwanza ni lepesi.

Hapa kuna jambo la watu wa mlimani ambalo kaunta hawatakwambia. Betri ya lithiamu kutumika kwenye baridi haina shida kubwa, itaisha haraka tu. Kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri ndiko kunakoiumiza: lithiamu inaganda juu ya sahani za ndani badala ya kuingia mahali pake, na jeraha hilo halionekani kwa nje. Wageni wanaotandaza paneli ya sola pale kambi ya Barafu alfajiri, pawabenki ingali na umande wa barafu, ndio hao. Ukiongeza kuanguka kwenye mawe mara mbili tatu, unashuka na betri ambayo si ile uliyopanda nayo. Mkifika hotelini ziwekeni juu ya meza iliyo tambarare. Inayobembea imevimba. Yenye harufu tamu kama ya rangi ya kucha inavuja. Hizo mbili hazipandi ndege, iwe kabini au chini, hata kama bado zinachaji.

Zilizo nzima funga midomo yake kwa utepe au iweke kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, isigusane na funguo wala sarafu. Betri za akiba za taa za kichwani, za kamera na za GPS zinafuata njia hiyo hiyo: kabini. Iliyo ndani ya kifaa chake, kifaa kimezimwa kabisa na kimekingwa kisijiwashe, inaweza kukaa kwenye begi unalokabidhi kaunta, ingawa mimi ningeibeba mkononi vilevile.

Gesi. Najua kopo bado lina nusu, na najua bei yake. Lakini twende kwa hesabu. Kopo la gramu 230 lina butani na ndugu zake. Likivuja lote linatoa karibu lita 100 za mvuke. Caravan, hicho kindege chako cha Kisongo, ina chombo cha mizigo chini ya tumbo chenye nafasi ya mita za ujazo 3 hivi. Lita 100 ndani ya lita 3,000 na kitu ni kama asilimia 3. Butani ikichanganyika na hewa hulipuka kuanzia asilimia 1.8 hadi 8.4. Yaani kopo moja, kwenye chombo kile, linaangukia ndani kabisa ya kiwango chenyewe. Ni kweli chombo hakijazibwa kama chupa, hewa inapita, na kopo halivuji lote kwa mkupuo. Lakini hakuna rubani atakayeruka kwa kutegemea hivyo. Nusu kopo nalo halisaidii: nusu ya lita 100 ikikusanyika kona moja ya chombo bado ni mvuke wa kutosha, tena valvu iliyokwisha kusokotwa na kufunguliwa kwa siku saba, ikaingia mchanga wa Shira, ndiyo inayovuja.

Kwa hiyo gesi haiendi kabini, haiendi chini, haina kibali cha kuomba. Iacheni Moshi, kwenye stoo ya kampuni, itumike safari ijayo. Jiko lenyewe linaweza kusafiri likiwa limefunguliwa, limesafishwa, halina harufu. Majiko ya petroli au mafuta ya taa yana masharti zaidi: tangi litolewe mafuta, likaushwe, na shirika likubali kabla. Njiti za kiberiti au kibiriti cha gesi, chagua kimoja tu, kikae mfukoni mwako, sio ndani ya begi lolote. Dawa ya kupulizia wanyama au watu machoni, hapana popote.

Oksijeni yenyewe haiungui, inalisha moto. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet ilianguka Florida dakika kama kumi baada ya kuruka, watu 110 wakafa. Chini ilibeba vifaa vya kuzalisha oksijeni kwa kemikali, na kwenye karatasi za mzigo viliandikwa kuwa ni vitupu. Havikuwa vitupu. Sehemu ile ya mizigo ilitengenezwa kwa kutegemea kwamba moto utakufa wenyewe kwa kukosa hewa, na humo ndani moto ulikuwa na hewa yake. Kwa hiyo mkaguzi wa KIA akiuona mtungi wako wa kijani na wewe unamwambia "huo umeisha," usikasirike akikutazama bila kutikisika. Mtungi wa oksijeni wa mgonjwa, usiozidi kilo 5 pamoja na chombo chake, hukubaliwa kwa kibali cha shirika kilichoombwa mapema. Mtungi wa uokoaji wa kampuni yako sio wa mgonjwa. Huo uende kwa gari, au kwa wakala wa mizigo anayejua kujaza karatasi za bidhaa hatari.

Vimiminika nisivikalie. Mililita 100 kwa kila chombo na mfuko mmoja wa lita moja ni sheria iliyoanza baada ya njama iliyogunduliwa London Agosti 2006, na inakubana zaidi ukitoka nje ya nchi. Asali ni kimiminika. Siagi ya karanga pia.

Mbege nayo, kwa kuwa wageni hupenda kubeba kumbukumbu! Chupa ya mbege bado inachacha, inatoa gesi. Kabini ya ndege kubwa mgandamizo wake unashuka hadi ule wa mwinuko wa futi 8,000, kidogo chini ya kambi ya Mandara pale Kilimanjaro, na sehemu ya mizigo hivyo hivyo. Caravan haina mgandamizo wowote: ikiwa futi 11,500 nanyi mko futi 11,500, karibu na kambi ya Horombo. Chupa iliyozibwa kwa nguvu Marangu huko juu inatafuta pa kutokea, na nguo za mgeni ndizo zinazolipa. Konyagi ya asilimia 35 iliyofungwa dukani haina neno, hadi lita 5 kwa mtu kwenye begi la kaunta. Pombe kali isiyo na lebo inakataliwa kwa sababu hakuna ajuaye asilimia zake, na kilichozidi 70 hakiruhusiwi hata kikiwa na lebo.

Umeuliza pia, ingawa kwa mzunguko, kwa nini begi lenu ndilo lililofunguliwa. Mashine ya eksirei inapaka rangi kulingana na kitu kilivyo: vitu vya asili ya mimea, chakula, nguo na plastiki vinakuja rangi ya machungwa, chuma kinakuja buluu, vya katikati kijani. Begi la vifaa vya mlimani ni shuka moja la buluu na machungwa, waya za chaja zimepita juu ya vipande vya chokoleti na jibini, karabina zimefunika kila kitu. Mkaguzi asipoelewa picha hana ruhusa ya kubahatisha, anafungua. Ukitaka lipite, vyuma vyote mfuko mmoja, waya zimekunjwa na kufungwa, chakula peke yake juu. Ni dakika kumi za jioni hotelini dhidi ya kuitwa jina kwenye spika wakati wenzako wanapanda.

Kuitwa kwenyewe kuna maana kubwa kuliko pawabenki. Begi haliruhusiwi kusafiri bila mwenyewe katika ndege za abiria za kimataifa. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India ililipuka juu ya Atlantiki, watu 329. Begi lenye bomu lilipakiwa, mwenyewe hakupanda. Tarehe 21 Desemba 1988 ikawa ndege ya Pan Am juu ya Lockerbie, Scotland, watu 270, begi tena lisilo na abiria. Ndiyo maana mgeni akichelewa baa baada ya kukabidhi mzigo, ndege haiondoki tu ikamwacha. Wapakiaji wanarudi chini kulitafuta begi lake kati ya mamia, moja moja kwa namba ya lebo, na abiria wote wanakaa wanapepea karatasi za maelekezo.

Sasa twende Kisongo.

Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari. KIA uko futi 2,932. Kwa kipimo cha kawaida, hewa ya mwinuko wa Kisongo ingepaswa kuwa na nyuzi 6. Saa 8 mchana ikiwa 27, umezidi kwa nyuzi 21, na kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuuinua uwanja futi 120. Piga: unapata uwanja unaojifanya uko futi 7,000 na kitu, juu zaidi ya geti la Machame. Bawa linapata hewa nyepesi, panga linauma hewa nyepesi, injini inavuta hewa nyepesi. Ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, ikiinuka inapanda polepole, na Meru haisogei kuipisha. Kanuni ya haraka ya ndege ndogo ni kwamba uzito ukiongezeka asilimia 10, urefu wa kurukia unaongezeka asilimia 20.

Chukua Caravan yenye uzito wa juu wa kuruka kilo 3,995. Nakupa namba za mfano. Ndege tupu pamoja na rubani, kilo 2,550. Mafuta kilo 500, ambayo ni kama saa tatu. Yanaonekana mengi kwa safari ya saa moja, lakini viwanja vingi vya mbugani havina mafuta, kwa hiyo unabeba ya kwenda, ya kurudi na ya akiba. Zinabaki kilo 945. Viti ni 12. Abiria wa kilo 75 na begi la 15 ni kilo 90, mara 12 ni 1,080. Umezidi kwa 135. Ndiyo maana ndege ya viti 12 inaondoka na watu 10, na aliyeko nje ya kamba anaona kaunta wanabania viti.

Sasa mgeni anayesema "kilo 15" huku begi lina 20, kwa kuwa ndani kuna hema lililoloa. Kumi wakifanya hivyo ni kilo 50 ambazo ziko kwenye bawa lakini haziko kwenye karatasi ya rubani. Hema na nguo zikikauka siku moja juani Moshi zinapungua sana, jaribu kwenye mizani yako uone. Na kupimwa mtu mwenyewe, kile kilichokukera, ni kwa sababu wastani unafanya kazi kwenye watu 150: mnene na mwembamba wanasawazishana. Kwenye watu 10 hausawazishi kitu. Wakija wanaume wanane wa raga, wastani unakudanganya kwa kilo 150 au 200.

Wakishakupima wanakupangia kiti, usibadilishe. Mzito akihamia nyuma na begi kubwa likiwekwa nyuma yake, mkia unalemewa. Ndege iliyolemewa mkia pua yake inapanda ikishaachia ardhi, rubani anasukuma usukani mbele, na ukifika mwisho wa kusukuma na pua bado inapanda, hapo hakuna ujanja. Ndege nzito kupita kiasi inakupa onyo kwa kukokota njiani. Yenye mkia mzito inasubiri iinuke kwanza. Mimi binafsi naiogopa zaidi hiyo ya pili.

Na fimbo zenu hakuna aliyeshughulika nazo kwa sababu mabegi yote yaliingia tumboni na nyuma, mbali na mikono ya abiria. Begi laini la kitambaa, lile la dafo, linatakiwa kwa sababu hiyo hiyo: chombo kile cha chini hakina kina, sanduku gumu halipiti mlangoni. Kwenye ndege kubwa fimbo ni za begi la kaunta, na ncha zake zifungwe.

Nilisema nitamfikia mwenye kisu. Tanzania tunamjua. Tarehe 26 Februari 1982 Boeing 737 ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar ilitekwa, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, ikaishia Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Zama hizo rubani alifundishwa kutii na kununua muda. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001 mlango ukawa ndio kila kitu. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, liliweka kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2003 ndege ya abiria yenye viti zaidi ya 60 au uzito unaozidi kilo 45,500 iwe na mlango wa rubani usiopenya risasi wala kuvunjwa kwa nguvu. Dash 8 ya Air Tanzania yenye viti 76 inaingia hapo kwa viti, ingawa kwa uzito haifiki. Namna watu wa ndani na wa nje ya mlango huo wanavyowasiliana sitaieleza.

Caravan haiingii, na haikusahaulika. Boeing 737-800 inaruka na tani 79 na inaweza kubeba lita 26,000 za mafuta. Caravan haifiki tani 4, na mafuta yake ni lita 1,250 hivi. Mtu anayetaka kuifanya ndege kuwa silaha haioni Caravan kuwa ya maana, na mlango wa chuma wa kilo kadhaa ungekula uzito ambao tayari tumeona hatuna. Kinga yake inabaki chini: watu kumi ambao majina yao yote yako kwenye karatasi moja, mikoba imepita eksirei, rubani anawaona wote wanavyopanda.

Mlango nao una upande wake wa pili. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings alijifungia ndani, nahodha akabaki nje anagonga, watu 150 wakafa milimani Ufaransa. Kila kufuli unaloweka linamfungia mtu fulani nje, na siku moja anaweza kuwa ndiye uliyemhitaji. Ndiyo sababu sisi pia tunapita kwenye mashine ile ile, tunavua mkanda, tunatoa pawabenki. Kuna watu hushangaa: rubani wa nini kukaguliwa, si ndege yote iko mikononi mwake? Tarehe 7 Desemba 1987 huko California mtu aliyefukuzwa kazi kwenye shirika la ndege alipanda na kitambulisho chake cha zamani, hakukaguliwa, akaingia na bastola. Ndege ilianguka, watu 43 wakafa. Sare inaibwa, kitambulisho kinaazimwa, na rubani anaweza kuwa na mtoto aliyeshikwa mateka nyumbani. Mashine haijali cheo, na hiyo inamlinda rubani kuliko inavyomsumbua.

Neno moja kuhusu utani, kwa kuwa viongozi wa wageni mna ucheshi wenu. "Angalia hilo begi, lina bomu" ikisemwa kaunta haifutwi kwa kucheka. Kuanzia hapo mkaguzi hana hiari, nahodha hana hiari, mzigo unashushwa, na aliyesema anakwenda polisi. Mgeni aliyesherehekea kileleni hadi akalewa naye, ni vizuri akabaki hotelini. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa nahodha mamlaka ya kumfunga mtu mikono na kumshusha uwanja wa kwanza, na wahudumu wakimnusa mlangoni hafiki hata kwenye kiti.

Na huyo mgeni wako aliyekaa kando ya rubani. Pale ambapo kibali cha kampuni kinaruhusu rubani mmoja, kiti cha kulia ni kiti tu, lakini mbele yake kuna usukani na pedali zinazofanya kazi sawasawa na za kushoto. Kiti kirudishwe nyuma mpaka magoti yake yawe huru, miguu ikae bapa sakafuni, mbali na pedali. Mkanda wa kamera usining'inie kifuani wakati wa kuruka na kutua, maana usukani ukivutwa nyuma unaunasa, auzungushe mkononi. Simu ikimponyoka ikaingia chini ya kiti, asiinamie wala asisogeze kiti, kwa sababu reli ya kiti inaweza kuiponda betri yake. Amguse rubani bega, aoneshe kwa kidole, asubiri. Rubani akiinua kiganja, maana yake mnara wa Kisongo unaongea, na mgeni anyamaze hata kama Ngorongoro imetokea upande wake.